Kijiti cha Marehemu

Mke wangu alipofariki aliniachia nyumba ya vyumba viwili, binti anayeishi mbali, na mparachichi nyuma ya jiko. Mti wenyewe ulikuwa unaoza mizizi. Kabla haujakatwa nilimwita Mama Miche, yule anayeuza miche pembeni mwa barabara. Akachukua kijiti kwenye tawi lililobaki zima, akakibebesha juu ya mche wa mbegu, akafunga kiungo kwa mkanda wa nailoni. Akaniambia kitakachoota juu ya mkanda ndicho cha marehemu. Kitakachoota chini nikinyofoe. Kusikia nilisikia. Kushika ndiyo shughuli.

Mimi na binti yangu hatukuwahi kuwa na mazungumzo. Zamani akipiga simu, nilikuwa nasema subiri nikupe mama yako. Sasa hakuna wa kumpa. Jumapili za mwanzo tulisalimiana, tukanyamaza, tukaagana. Mche ulipokuja akaanza kuuliza kama umetoa majani, nami nikawa nahesabu na kumweleza, tunafika hata nusu saa. Jamani, kumbe mwanangu anacheka kama mama yake, na miaka yote hiyo sikujua.

Kile kijiti kilitoa majani mawili kikadumaa. Mkanda nilishaufungua, nikiona unakibana. Basi chini yake likachomoza chipukizi nene, majani mapana yanang'aa. Nimenyoa watu miaka arobaini. Mkono wangu ukiona kitu kimekaa ovyo, unapunguza. Nikasema haka kadhaifu kanamnyonya mwenzake. Humu ndani hamna mtu wa kuniambia ngoja kwanza. Nikakakata kwa mkasi wa kazini, tena nikajisifu.

Juzi Mama Miche alipita. Akainama, akapapasa shina.

"Mzee wangu, cha marehemu kiko wapi?"

Nilipomweleza, akashika kichwa. Akasema niliobaki nao ni mche wa mbegu tu. Utazaa siku moja, lakini maparachichi yake hayatakuwa yale. Nikamuuliza kama anaweza kubebesha upya. Akasema anaweza, nimletee kijiti kingine. Nitakitoa wapi? Mti mkubwa ulishakuwa kuni, na kuni zenyewe nimepikia chai hadi zikaisha. Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo nikalia, mtu mzima mimi, mchana kweupe.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilishajipanga kumwambia ukweli, hata maneno nilikuwa nayo tayari.

"Baba, mti wa mama unaendeleaje?"

Nikayatazama yale majani mapana. Nikaona nikisema hauko, wiki ijayo tutasalimiana, tutanyamaza, tutaagana. Niliogopa, sina la kuficha.

"Una majani kumi na moja sasa," nikamwambia.

Akafurahi mno, akataka kujua yakoje. Nikamweleza yote, jani kwa jani.