Kiitikio Kwenye Maziko ya Shikanga

Tangu ukuta wa shimo la dhahabu uporomoke na kumfukia kaka yake Shikanga, Muhonja hakutulia mahali. Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Alikwenda mpaka langoni, akarudi, akasahau alichofuata. Machozi hayakuja. Hata siku ya maziko, pale nyumbani kwao Malinya mwaka 1997, alisimama mbele ya kwaya yake miguu ikimwasha.

Chini ya turubai, kando ya D.O., afisa wa serikali wa tarafa, aliketi Makhanu, mwenye shimo. Wachimbaji walikuwa wamemwambia ukuta una ufa, naye akawaambia washuke. Sasa walisimama nyuma ya waombolezaji, wamekataa viti.

Kwaya ilipoanza, ngoma za isukuti zikadunda, na wachimbaji wakaanza kusogea polepole kuelekea turubai. Osiako, aliyemfukua Shikanga kwa mikono yake, alikuwa mbele, ameshika jiwe.

D.O. aliinuka ghafla. "Choir, refrain!" akapaza sauti. "Refrain, please!"

Neno hilo Muhonja alilijua. Katika kitabu cha nyimbo cha Kiingereza pale kanisani, liliandikwa juu ya mistari inayorudiwa. Basi bwana mkubwa alitaka kiitikio. Akainua mikono, na kwaya ikakipandisha.

"I said refrain!"

Wakakirudia, kwa nguvu zaidi. Osiako alisimama. Kisha naye akaimba, kwa sauti mbovu ya kukwaruza, na jiwe likamponyoka. Wenzake wakamfuata. Watu wote walipokuwa wanaimba, askari wa D.O. walimtoa Makhanu kupitia shamba la mahindi.

Baada ya mazishi, Mwalimu Rosebella alimvuta Muhonja kando.

"Dada, unajua yule alikuwa anasema nini?"

"Si kiitikio?"

"Kwa wimbo, ndiyo. Lakini ukimwambia mtu hivyo, unamwambia ajizuie. Alitaka mnyamaze."

Muhonja alimkodolea macho. "Tujizuie? Mimi nimejizuia wiki nzima, Rosebella!"

Kicheko kikamtoka, kikakatika, kikawa kilio. Akaketi pale pale kwenye udongo mwekundu, akamlilia kaka yake mpaka sauti ikakauka. Osiako akaja akakaa karibu naye.

Shimo la dhahabu lilifukiwa kabla ya mvua. Makhanu alihamia Khwisero, na hakuna aliyemfuata kulipiza kisasi.