Msiba Wangu wa Kwanza

Mimi Johari binti Mtoro nilishawahi kufa, hapa hapa Mbuchi, asubuhi na mapema, na sioni haya kusema. Wanaonilaumu wamebaki hai, ndiyo maana wana midomo ya kunilaumu.

Redio ilikuwa imetangaza tangu jana yake: kimbunga kinakuja pwani yetu, watu wa visiwani watoke. Zamani vimbunga tulivisikia vya Msumbiji na Madagaska. Siku hizi bahari imepata joto, na mtaalamu redioni alisema kimbunga kinapata nguvu kwenye joto hilo hilo, kikashusha mvua kubwa kuliko ya zamani na kusukuma maji mbali zaidi nchi kavu. Joto lenyewe wametuletea wenye viwanda na magari huko waliko. Mbuchi nzima ina lori gani? Nilipolifikiria hilo damu ilinichemka.

Mwanangu Hemedy alikuwa dago, kambi ya wavuvi kwenye kisiwa cha mchanga mdomoni mwa mto. Nikampigia simu.

"Mama nawe, kimbunga cha redioni hicho!" akasema huku anacheka. "Cha mwaka ule si kilifia baharini? Tulitoa nyavu, tukalala njaa bure. Kamba wameingia, siondoki."

"Hemedy, nakuamrisha."

"Haya mama, shikamoo." Akakata.

Nililia. Kisha nikapandwa na hasira. Watu wetu hawatoki kwa kimbunga, hawatoki kwa mamba, lakini maziko hakuna anayeyakosa akabaki na uso wa kupita mtaani. Nikamwita binti yangu Salama.

"Piga ukunga wa msiba, majirani wasikie. Mama yako nimekufa."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikajilaza kitandani, nikajifunika kanga hadi usoni. "Lia, mwanangu, au nife kweli nikuachie radhi mbaya."

Alipiga ukunga mmoja tu. Kazi iliyobaki aliimaliza jirani yetu Kijakazi, mwenye simu mbili na mdomo usio na breki. Salama akasimama mlangoni, anazuia watu, anasema naoshwa. Adhuhuri mitumbwi ilikuwa imejaa ufukweni, na wanaume walikuwa wamekwisha nichimbia kaburi kule mwinukoni, nyuma ya msikiti.

Hemedy aliingia analia, sanda kwapani. Nikaketi.

"Umekuja. Kaa hapo."

"Mama! Umenidhalilisha mbele za watu!"

"Dhalilika ukiwa hai."

Nilitukanwa siku ile, na matusi mengine sijapata kuyasikia tena. Wenzake walitaka kurudi dago saa ile ile, lakini upepo ulikwisha anza kung'oa makuti, wakabanana msikitini pamoja na waombolezaji wengine. Kesho yake upepo ulipotulia walikwenda kutazama. Kisiwa cha mchanga hakikuwepo.

Kati ya wavuvi wa dago, Gharibu peke yake hakuja mazikoni. Mimi naye tulikuwa hatusalimiani, tumegombea mpaka wa shamba la mpunga. Alipoambiwa Johari amekufa, alisema, "Mwacheni azikwe na wanaompenda," akaendelea kutengeneza nyavu zake. Walimkuta amenasa kwenye mizizi ya mikoko. Alizikwa katika kaburi lile walilonichimbia mimi, na nilimlilia kwa sauti, bila kuigiza.

Imamu aliniambia nitubu kwa uongo nilioufanya. Nimetubu. Nikamwambia pia, uso kwa uso, kwamba redio ikitangaza kimbunga kingine nitakufa tena.

Ndiyo maana mnaniona napita nyumba hadi nyumba. Nilianza kwa mjane wa Gharibu, nikamwachia mpaka anaoutaka yeye. Nikaenda kwa wifi yangu ambaye kanga yake niliirarua. Jana nilikuwa kwa Husseini, mzee mwenye kiburi kuliko wote hapa, nikala ugali wake mbichi nikausifu. Msiba wangu ujao, sitaki akosekane mtu.