Shahidi wa Saba na Viatu vya Mke Wangu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi wala maji. Kama naongopa, nivae viatu vya mke wangu nikatembee navyo mjini mchana kweupe.

Binti yangu ni mhadhiri wa chuo kikuu. Kazi yake ni kuchunguza kwa nini nchi zinapigana, na nyumbani tunamwita Daktari wa Vita. Ofisi yake ni ndogo kiasi kwamba wazo likiingia, yeye inabidi atoke. Vitabu vimejaa hadi dirishani, kila kimoja kina neno "usalama" kwenye jalada, na mlango wenyewe haufungi. Huegemezwa kiti.

Hoja yake ni kwamba nchi hupigana kwa hofu kuliko kwa chuki. Jirani ananunua bunduki ajilinde, wewe unanunua mbili ujilinde naye, mwisho wake upepo ukibamiza mlango mnamiminiana risasi. Akaandika makala, akaipeleka kwenye jarida. Mhakiki wa kwanza akasifu. Mhakiki wa pili akasema ushahidi hautoshi. Akaongeza. Mhakiki wa pili akasema sasa umezidi. Huyo mtu ningejua anakokaa, ningemtumia nyuki kwenye bahasha.

Bila makala hiyo, uprofesa hapati, na alishanyimwa mara mbili. Basi akaanza kutafuta watu waliokuwa mpakani mwaka ule majeshi mawili yalipotunishiana misuli. Mwenzake wa ofisini akatangaza redioni: aliyeshuhudia apige simu, jina lake litafichwa kwa usalama wake.

Sasa niwaulize: nani alikuwa dereva wa lori akivuka mpaka ule mwaka ule? Mimi! Na nani hakuniuliza hata siku moja? Binti yangu! Akija nyumbani ni "Shikamoo Baba," mguu wa pili uko jikoni. Nikaudhika. Nikajifunga leso mdomoni, nikapiga simu.

Nikamsimulia yule mwenzake jinsi gurudumu langu lilivyopasuka pale kwenye kizuizi, paa! Askari wa huku wakadhani wa kule wamefyatua, wa kule wakadhani wa huku, wakatwangana hadi adhuhuri. Ile sehemu ya risasi zilizonisaidia kukaza nati niliiacha. Msomi hulishwa kidogo kidogo.

Wakaniandika Shahidi wa Saba. Mhakiki wa pili akanisoma, akanywea. Makala ikakubaliwa, na jopo la uprofesa likapanga siku.

Siku moja kabla, binti yangu alikuwa sebuleni akifanya mazoezi ya kujieleza. Akafungua kompyuta, akatusikilizisha ile sauti ya leso: "...na kama naongopa, nivae viatu vya mke wangu nikatembee navyo mjini."

Jikoni sufuria ikaanguka. Mke wangu akatokeza na mwiko mkononi.

"We mtoto, mbona baba yako yumo ndani ya kompyuta?"

Binti yangu akanigeukia polepole. "Baba. Shahidi wa Saba ni nani?"

"Si mlisema jina linafichwa? Usimhatarishe mzee wa watu."

"Baba!"

"Gurudumu lilipasuka kweli, mwanangu."

"Na mapigano?"

"Waliruka. Wote, huku na kule. Kisha askari mmoja akaniazima jeki."

Akajishika kichwa. "Miaka yote hii nazunguka natafuta mashahidi, kumbe nakula nao! Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

"Ningekuuliza ungeniambia ukweli?"

Nikatazama dari. Ilihitaji rangi.

"Kesho utakuja useme mwenyewe," akasema. "Makala naiondoa."

"Na viatu vile vyeusi vitamfaa," mama yake akaongeza.

Kesho yake nikapita kwenye korido ya chuo, ko-ko-ko, wahadhiri wanachungulia milangoni. Nikasema niliyoyasema. Mwenyekiti wa jopo akavua miwani. "Na hawa mashahidi wengine, tutawaaminije?"

"Kwa sasa hatuwezi," binti yangu akajibu. "Nitawasikiliza wote upya, pamoja na mtaalamu wa uongo." Akaninyooshea kidole.

Jopo zima likasimama likapiga makofi! Akapewa uprofesa palepale, na mhakiki wa pili akajitokeza nyuma ya pazia akilia, akiomba radhi.

Nimefika hapo, kalamu ingali mkononi, nasikia mtu anapumua begani.

"Nani alipiga makofi?" mke wangu anauliza.

"Mmoja wao aliua mbu."

"Wamemwambia arudi mwakani. Na mwenyewe yuko sebuleni na sauti zote za mashahidi, anakungoja mkasikilize. Hiyo karatasi umeianza vipi? Hebu nisomee pale juu."

Nikamsomea. Akaenda chumbani, akarudi na viatu. Safari hii vile vyekundu.

"Sukari imekwisha," akasema. "Nenda kalete, ndipo ukae na mtoto. Na upite barabara kubwa."