Saa Tano na Dakika Ishirini

Mzee Dakika hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wapanda baiskeli waliochoka, na hawakumpa kwa mapenzi. Miaka ishirini na minane iliyopita ndiye aliyesimika nguzo za njia ya milimani, zile zenye kibao cheupe kinachokuambia umebakiza muda gani kufika pengo linalofuata, yaani pale milima miwili inapoacha upenyo wa mtu kupita. Mapengo ni matatu. Ukijumlisha vibao vyake, kutoka nyumba ya wageni ya bondeni hadi pengo la tatu ni saa tano na dakika ishirini. Si ishirini na tano, ishirini. Muulize yeyote aliyewahi kupita huko, atakuambia mzee huyo ama ni mwongo ama ana miguu ya mbuzi.

Kwa miaka mingi watu walinung'unika wakaenda zao. Halafu mwishoni mwa msimu uliopita mke na mume, walimu wote wawili, wakakiamini kibao. Waliondoka saa sita mchana wakijua watafika jua lingalipo. Giza likawakuta juu ya mawe ya chokaa, yale yanayokata soli ya kiatu, mume akateguka kifundo cha mguu. Walipookolewa asubuhi yake hawakuwa na nguvu hata ya kulaani.

Basi ofisi ya njia ikamwandikia mzee barua. Apande siku moja na mkaguzi, akiwa na baiskeli kama kawaida ya njia ile. Akifika kwa muda wake mwenyewe, vibao vitabaki. Akishindwa, vitafutwa vyote, na jina lake alilolichonga chini ya kila nguzo litapigwa randa. Barua ilikuwa na adabu zote, na mwisho wake ikasema mkaguzi atakuwa ni binti yake wa kumzaa, kwa kuwa ofisi haikuwa na mwingine. Hapo ndipo mzee alipochemka hasa.

Asubuhi ya siku yenyewe alikunywa chai amesimama. Mkewe, ambaye magoti yalishamkatalia milima siku nyingi, alikuwa akifunga mikate na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Akamwambia binti yao kwamba kwenye pengo la tatu, nyuma kidogo ya nguzo, pana shimo kwenye jiwe linalopumua hewa baridi, alisalimie. Mzee akasema hapana shimo pale. Amepita mara mia, nguzo kaichimbia kwa mikono yake, na kama kungekuwa na shimo angelijua. Mkewe alikaza fundo la kitambaa, akampa binti.

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu kamili. Binti alibonyeza saa iliyoning'inia shingoni mwake, mzee akaondoka mbele kwa fujo, amesimama juu ya pedeli kama kijana anayetaka kuonekana. Kwa nusu saa mambo yalikuwa shwari. Kisha ncha ya jiwe, nyembamba kama ya sindano, ikamtobolea tairi la nyuma.

Pancha si msiba. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha kwenye maji, povu linakuonyesha tundu. Lakini maji yako wapi? Milima ya chokaa inakunywa mvua yote, juu haiachi hata tone. Kijito alichokiandika mzee mwenyewe kwenye kibao, "maji hapa", kilikuwa mchanga mkavu unaoingia kwenye ufa na kutokomea. Maji ya chupa yalikuwa ya kunywa. Ikabidi mzee apitishe tyubu sikioni, polepole, akisikiliza upepo unapotokea, na upepo wa mlimani nao ukivuma makusudi kumwudhi. Akatema mate, akapaka, hakuona kitu. Akatema tena. Mdomo ukamkauka. Alipolipata tundu, akabandika kiraka na kujaza tena, dakika thelathini na nane zilikuwa zimeteketea. Akamwambia binti azitoe, kwa kuwa pancha si safari. Binti akauliza kama hao wapanda baiskeli wengine huwa wanapanda baiskeli zisizotoboka. Mzee akarukia tandiko.

Baada ya pengo la kwanza njia inakwisha kuwa njia. Ni mawe yaliyochongoka, yenye mifereji kati yake inayoweza kumeza mguu mpaka gotini, na baiskeli unaibeba begani. Baiskeli ya mzee ilikuwa ya chuma cha zamani. Usukani ulimgonga sikio, pedeli ilimchoma mbavu, na kila mnyororo ulipolia alihisi unamcheka yeye. Binti, na baiskeli yake begani, alikuwa nyuma yake, hatua zilezile, hamharakishi wala hamngoji, na hilo lilimkera kuliko kama angemsimanga.

Walipofika pengo la pili mzee alitua mzigo. Akajibwaga juu ya jiwe.

"Simamisha saa," alisema. "Tunakaa."

"Niisimamishe kwa nini?"

"Si tunakaa? Saa inapima njia, haipimi makalio."

Binti alikuwa anafungua chupa. Aliacha kuifungua. Akamuuliza, taratibu kabisa, kama hata zamani zile alikuwa akifanya hivyo. Mzee akajibu kwa majivuno kwamba bila shaka, kwani kazi nyingine safi hufanywaje? Walipima njia miezi mitatu, yeye na mama yake binti, na huyo mama alikuwa mtu wa kukaa. Akiona ua anakaa. Akiona jiwe lenye umbo la ajabu anakaa. Kila alipokaa, yeye alisimamisha saa, akamsimamia kichwani mpaka ainuke, kisha akaiendesha tena. Hakuiba hata dakika moja. Alisema hivyo mara mbili, kwamba hakuiba.

"Baba," binti alisema, "miaka ishirini na minane watu wanashindana na saa ambayo mama hayumo."

Mzee akawaka. Akasema hafundishwi kazi na mtoto ambaye yeye ndiye alimshikia tandiko la baiskeli asianguke. Akasema walimu wale wangeangalia jua badala ya kibao. Akasema mengi, na katikati ya hayo mengi akamwona yule mwalimu amelala juu ya mawe kama haya, kifundo kimevimba, anahesabu dakika zilizoandikwa na mtu asiyemjua. Aliinua baiskeli yake, akakosea bega, akainua upya. Saa ilikuwa inakwenda.

Saa sita kasoro dakika kumi iliwakuta kwenye ngazi za mawe chini ya pengo la tatu, mbali bado. Ndiyo saa ambayo kwa vibao vyake walipaswa kuwa wamefika. Mzee alijua, binti alijua. Kuanzia hapo alipanda kwa hasira tupu, hasira ya miguu, ya chuma, ya jua, na zaidi ya yote ya yule kijana aliyekuwa yeye, aliyesimama na saa mkononi akijiona fundi.

Walifika saa nane na dakika tano. Binti alisimama kando ya nguzo, akatoa daftari, akasema safari imekula saa saba na dakika thelathini na tano. Hakuna aliyeshangaa. Mzee aliinama akalitazama jina lake pale chini, limefifia, herufi moja imeliwa na wadudu. Alidhani litamwuma zaidi.

Binti alizunguka nyuma ya nguzo. Hatua moja, mbili, tatu, akapiga magoti. Akamwita. Mzee alikwenda kwa shingo upande, tayari kubisha, na pale kwenye jiwe, nyuma ya nguzo aliyoichimbia kwa mikono yake, palikuwa na shimo la upana wa sahani. Aliweka kiganja juu yake. Hewa ya tumboni mwa mlima ikatoka, baridi, ikasita, ikatoka tena.

Alibaki na mkono pale.

"Alikuwa anakaa hapa muda gani?" aliuliza.

"Hajui," binti alisema. "Anasema hakuwahi kukaa akatosheka. Kila mara ulikuwa umeshamwita."

Binti akafungua daftari na kutafuta kalamu. Mzee alimshika mkono, akaketi chini kando ya shimo, akakivuta kitambaa cha mikate na kuanza kulifungua fundo la mkewe.

"Usiandike kwanza," alisema. "Tunakaa."