Uso wa Roscoe

"Dada Ozella, hivi huko unakosafisha kuna picha hata moja ya mtu mweusi?"

Jirani yangu Earline aliniuliza hivyo tukimenya viazi vitamu jikoni mwa kanisa. Nikamjibu ipo moja. Sikumwambia ni ya nani.

Ni ya mume wangu, Roscoe. Polisi walimuua kiangazi cha mwaka sitini na saba mbele ya duka la kinyozi, mkate angali ameukumbatia. Gazeti likampiga picha amelala, uso umepondwa, jicho moja limetoka. Mchoraji mmoja mzungu akaichukua picha ile, akaichora kwa rangi, ukubwa wa mtu mzima, na jumba la sanaa ninakosafisha likainunua. Chini wakaandika: "Mweusi Aliyeanguka." Roscoe hakuanguka. Na jina lake lilikuwemo gazetini, ila hakuna aliyejisumbua kulisoma.

Miezi mitano nilifuta vumbi kwenye fremu ile, nimevaa glovu nyeupe za kazini, namwomba Mungu anioneshe njia ya kumtoa mume wangu pale. Nilimwomba na Bwana Whitcomb, mkurugenzi.

"Ozella," akasema, "ile si picha ya mumeo. Ile ni sanaa."

Basi nikamweleza binti yangu Verlene. Yeye mwenyewe ni mchoraji. Jumba lile lilimrudishia kazi zake mara tatu, kamba ya kifurushi haijafunguliwa.

"Kumbe humo tunaingia tukishakufa tu, Mama?"

Jumamosi alikuja na wenzake kumi na wanne, wote vijana wa kanisa letu. Wakajipanga mbele ya picha, wameshikana mikono, wamempa Roscoe migongo ili asionekane na mtu. Wakasema hawatoki mpaka ishushwe. Whitcomb akaita polisi. Mkubwa wao akatoa dakika tano.

"Maonyesho ya bure yamekwisha, wapenzi. Rudini nyumbani mkale matikiti," akasema, tusi lao la siku zote kwetu sisi weusi.

"Tunakwenda kula kwako," kijana mmoja akamjibu. "Mkeo katualika."

Vijana wakacheka. Polisi hawakucheka. Niliona vidole vyao vikicheza kwenye virungu, nikamtazama Verlene, nikamwashiria mlango kwa kichwa: tokeni. Akanielewa. Wakaachiana mikono, wakaanza kutoka taratibu, mmoja nyuma ya mwingine. Jambo lingeishia hapo. Lakini Verlene, aliyekuwa wa mwisho, akamgeukia baba yake, akaanza kwa sauti:

"Baba yetu uliye mbinguni..."

Sasa, kanisani kwetu mimi ni mhudumu wa mlango mwaka wa thelathini huu. Wale vijana wote nimewafundisha mimi. Sala ikianza, hakuna anayetembea. Mhudumu hatumii mdomo: mkono wa kushoto unakwenda mgongoni, wa kulia wenye glovu nyeupe unanyanyuka, maana yake njia imefungwa, kila mtu asimame alipo. Mungu ni shahidi wangu, mkono wangu, na glovu yake ya kazini, ulinyanyuka wenyewe.

Wakasimama wote kumi na watano. Vichwa chini, macho wamefumba.

Polisi wakaona ukaidi.

Pigo la kwanza lilimpata yule mwenye utani, mdomoni, na meno yakaruka kwenye marumaru kama punje za mahindi. Msichana mmoja aliburutwa kwa nywele mpaka ngozi ya kichwa ikaachia. Nikapiga kelele, "Jamani, wanaomba tu! Walikuwa wanatoka!" Nani alinisikia? Verlene hajafika kwenye "mkate wetu" kirungu kikatua tayani, nikausikia mfupa ukivunjika, nami nilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Akaangukia picha. Wakampiga hapohapo, ameiegemea, damu ikiirukia.

"Picha!" Whitcomb akalia. "Iokoeni picha!"

Ndipo ikashushwa. Walinzi wawili waliibeba kama mgonjwa mpaka stoo. Verlene alitolewa na pingu, taya amelishikilia kwa viganja vyake viwili.

Nilikuwa stoo, nimeinamia ndoo yangu ya maji, Whitcomb alipoingia.

"Ozella, umetusaidia sana," akasema. "Nilikuona ulivyowazuia. Sitasahau."

Akaionyesha picha kwa kidole.

"Sasa mfute huyu kabla damu haijakauka. Maji kidogo, polepole. Jumatatu anarudi ukutani." Akaenda kupiga simu.

Nikalowesha kitambaa. Damu ya Verlene ilikuwa shavuni pa baba yake, upande ule aliokuwa akimbusu utotoni. Niliifuta yote, taratibu, kama nilivyomwosha Roscoe mwenyewe. Halafu nikatoa mfukoni wembe wa kukwangulia chingamu sakafuni. Nikaikata picha juu ya nywele, nikashuka kwenye sikio, nikapita chini ya kidevu, nikapanda tena. Turubai la picha lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Nikauviringisha uso wake.

Nilipogeuka, Whitcomb alikuwa mlangoni.

"Ozella? Una nini hapo nyuma?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mgongoni, umemshika Roscoe. Nikanyanyua wa kulia, glovu ina damu hadi kifundoni, nikausimamisha mbele ya kifua chake.

Hakulelewa kanisani kwetu, lakini alisimama.

Nikampita, nikatoka na mume wangu.