Kaburi Halikuwa Fupi

Nikiwaambia kwamba kiboko mmoja alikuwa akipanga foleni kwenye pantoni yetu nami nikamkatia tiketi, mna haki ya kunikatalia. Tangu nistaafu nimewadanganya watu wa Kibiti mara nyingi, na wengine nimewadanganya vizuri hata wakanishukuru. Lakini hili la Kondo nililiona kwa macho haya, na hadi leo nikilikumbuka vinyweleo vinasimama.

Kondo ni mkata boriti wa Nyamisati. Mdogo wake, Haruna, alikufa kwa homa wiki ile ya mafuriko makubwa, maji yalipokata barabara kila upande. Kondo alirudi kutoka makaburini, akaketi, na hakusema tena. Hospitali walimmulika koo wakaliona zima. Mwaka ukapita. Kisha binti yake, Warda, akaposwa, ndoa ikapangwa Ijumaa, na walii, mwenye haki ya kumwoza, ni baba. Shehe alishauri kwa upole kwamba mzee anaweza kumpa mtu mwingine uwakili wa kuoza kwa maandishi. Warda hakutaka kusikia.

"Babu Saidy," aliniambia Jumatatu alipomleta baba yake kwangu, "mimi niozwe kwa kinywa cha baba. Kisipofunguka, ndoa ingoje."

"Ingoje mpaka lini?"

"Mpaka meno yanidondoke. Mchumba nimeshamwambia."

"Kasemaje?"

"Kaniuliza kama yataanza ya mbele."

Walinijia kwa sababu ya kitabu. Abiria alikisahau pantonini zamani, jalada limeshang'oka, nami nikakisoma miaka minne, kamusi ikiwa mkono wa pili. Kinasema mtu ni nyumba. Sebuleni anakaa yule anayesalimia wageni. Chini kuna chumba alimofungia yote aliyoyakataa tangu utotoni. Ufunguo anao mwenyewe, ila hajui. Akilazwa akaachiwa aseme lolote bila aibu, mlango hufunguka, na mtu huyo huwa huru. Nilipomaliza kukisoma nilitoka nje nikawatazama watu wa sokoni, kila mmoja na chumba chake chini ya miguu, nikaogopa kukanyaga.

Basi nikafuata maandishi. Mgonjwa alale chali, daktari akae nyuma ya kichwa asionekane. Nikatandika shuka jeupe kwenye kitanda cha kamba, nikamlaza Kondo, na kwa ajili ya nzi nikamfunika shuka jingine hadi kidevuni. Mkononi alishika kofia kuukuu ya marehemu Haruna, haiachi.

"Sema lolote linalokujia," nikanong'ona. "Hata tusi."

Siku tatu alikuwa akija asubuhi, analala, anatazama makuti, anarudi alikofikia. Nikamgeukia binti.

"Baba yako aliachishwa ziwa lini?"

"Babu, mimi nitajuaje?"

"Alimwogopa baba yake?"

"Kila mtu alimwogopa. Hata mbuzi wake." Akafikiri kidogo. "Ila mazishi ya baba mdogo ndiyo yalikuwa mageni. Watani wetu wa Ngorongo hawakufika, njia zilijaa maji. Hakuna aliyemwigiza marehemu, hakuna aliyetutukana tucheke. Tukazika kimya, tukanawa, tukaondoka."

"Hayo ni mambo ya watu," nikamjibu kwa sauti ya kidaktari. "Sisi hapa tunatafuta ya mtu."

Alhamisi alasiri mlango ukajaa. Alikuwa Mwanahalima, mtani wao wa Ngorongo, bibi mfupi, amekuja kuichokoza harusi. Alimtazama Kondo, akanitazama mimi.

"Kalala hapo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Siku nne na hamjamzika? Nyiye watu wa Kibiti uvivu wenu una shahada."

"Huyu ni mgonjwa, bibi. Anatibiwa."

"Kafunikwa shuka jeupe, hasemi, na kichwani pake kuna mzee ananong'ona. Miye naona msiba." Sauti ikashuka. "Na msiba wa nyumba hii nilichelewa."

Akavua viatu. Akaichomoa ile kofia mkononi mwa Kondo, akaivaa, akaukunja mgongo, akaanza kutembea chumbani kwa hatua ndefu za ovyo, kama mtu anayeruka madimbwi. Warda akaziba mdomo. Naapa bibi yule alirefuka. Msiniulize futi ngapi.

"Kaka," akasema, na sauti haikuwa yake. "Mmenizika kama mwizi wa kuku. Hata mtani mmoja hakuja kuniambia nina miguu ya korongo. Na weye Kondo, weye mvivu wa kukata boriti na mvivu wa kuchimba. Kaburi fupi. Mwaka mzima nimelala magoti kidevuni."

Kitanda kikaanza kulia kamba moja moja. Nilidhani ni mshtuko wa moyo.

"Halikuwa fupi," akasema Kondo.

Hata nzi, na hili msinikatalie, walitua.

"Kaburi halikuwa fupi," akarudia, sauti ikikwaruza. "Nilipima mwenyewe. Miguu yako ndiyo mirefu, mpumbavu weye. Ilikuwa mirefu tangu mama yuko hai."

Akakaa kitako akacheka, na ndani ya kicheko kilio kikatoka, cha mwaka mzima. Mwanahalima akamkumbatia, kofia ya marehemu ingali kichwani, akiendelea kumtukana polepole, kama anayembembeleza mtoto.

Ijumaa Kondo alimshika mkwe mkono na kumwoza binti yake, neno kwa neno. Warda alikuwa nyuma ya pazia na wanawake, na nilimsikia akiyapokea maneno yale kwa kwikwi. Kisha ikapita sauti ya Mwanahalima: "Kohoa kwanza, mtani, hiyo sauti ina kutu."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikilitazama koo la Kondo likipanda na kushuka, koo la mtu mmoja, nikijaribu kukisia ni watu wangapi wamo humo.