Lori Lililolala Kulia

Mwaka tuliopunguzwa kazini, nilikuwa nimeliendesha lori la pamba la chama cha ushirika miaka kumi na minne. Wenzangu walilia pale pale getini. Mimi nilirudi nyumbani Mabatini, nikala ugali, nikalala. Miezi sita ikapita hivyo hivyo. Mke wangu Suzana akiniuliza nina nini, namwambia sina kitu, na ilikuwa kweli.

Lori lilinunuliwa na Mzee Rutashobya, mfanyabiashara wa Mkolani. Nikasikia hajapata dereva wa kudumu, na kwamba amemwagiza Mashimba, fundi wa magari ya kuchezea ya bati pale Mirongo, amtengenezee mfano mdogo wa lori hilo wa kuweka kwenye kaunta ya duka lake. Nikamwomba Mashimba anifundishe, kazi hiyo niifanye mimi. Nilijiambia: mzee akiona ninavyolijua gari lake, atanipa usukani.

Mashimba ni mdogo kwangu. Asubuhi alianza na shikamoo, kisha akanikaripia mpaka jioni.

"Kunja ukingo kwanza, kaka Luhaga, utajikata."

Nikajikata. Niliitazama damu ikidondoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia nililokuwa nikilikata, wala sikusikia maumivu. Gari la kwanza lilitoka nene kama boga. La pili lilikataa kutembea, kwa kuwa magurudumu ya kandambili niliyabana mno kwenye spoku ya baiskeli, ndiyo ekseli yake. Kipimo cha Mashimba ni njiti ya kiberiti: hatua moja ya mtu, njiti moja. Hapo sikuhitaji mwalimu. Lori lile nililizunguka kila alfajiri nikikagua tairi; hatua kumi urefu, tatu upana.

La tatu likatoka sawasawa, ila limeinama kulia, upande wa dereva.

"Limelala," Mashimba akasema. "Linyooshe."

"Ndivyo lilivyo."

"Kaka, mteja anataka gari lake. Hataki ugonjwa wake."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamjibu, nikalifunga kwenye gazeti.

Kesho yake nikaenda Mkolani. Duka lilikuwa na watu. Nikaamkia, Mzee Rutashobya akaitikia, akalipokea lori, akaligeuza huku na huku akitabasamu.

"Ee bwana, hata kulala kwake! Umejuaje?"

"Nimeliendesha miaka kumi na minne, mzee. Nimesikia unatafuta dereva."

Tabasamu likamtoka.

"Kumbe ni wewe uliyeniulia springi! Nimebadilisha mara mbili, gari halikai sawa."

"Mzee, msimu wa pamba walikuwa wanatupakia mzigo mpaka..."

"Dereva nitapata. Hiki kigari kinyooshe, nikiweke."

Ningeweza kuondoka. Hata sijui kwa nini sikuondoka. Nikaliweka lori juu ya kaunta, nikaikandamiza ekseli kwa kidole gumba mpaka bodi ikakaa wima. Ikawa gari la mtu yeyote. Hapo ndipo iliponiuma, miezi sita yote kwa mpigo, nikaanza kulia mbele ya wateja, mtu mzima, kamasi zikinitoka.

Mzee Rutashobya akalisogeza lori karibu na mizani, akarudi nyuma kidogo kulitazama.

"Sasa limependeza," akasema.